Chimba Shina Moja la Kunde Kabla ya Kununua Urea

Kunde zikianza kuchanua, chukua sepetu uende shambani. Chagua shina moja, zamisha sepetu kiasi cha sentimita 15 kutoka kwenye shina, kisha linyanyue pamoja na bonge lake la udongo. Usiling'oe kwa mkono. Litumbukize kwenye ndoo ya maji, liache lilainike, suuza taratibu mpaka mizizi ibaki mitupu. Hapo utaona vinundu vimeshikamana na mizizi, au hutaviona. Pasua kimoja kwa ukucha. Rangi ya ndani itakuambia kama shamba lako linajitengenezea mbolea au linakula akiba ya zamani.

Kipimo hiki hakina gharama, na kwa mkulima wa Hedaru kina uzito kuliko ushauri mwingi unaouzwa pamoja na mifuko ya mbolea. Hedaru imekaa chini ya ukuta wa Milima ya Pare Kusini, upande wa magharibi, kando ya barabara kuu itokayo Korogwe kwenda Same na Moshi. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi huupanda mlima kwa upande wa mashariki na kumwaga sehemu kubwa ya maji yake huko juu, kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye urefu wa meta 2,462. Tambarare ya magharibi, kuanzia Hedaru kupita Mabilioni hadi Makanya, hupata masalia. Kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 400 hadi 600 za mvua, nazo zimegawanyika kati ya vuli na masika, na kila msimu unaweza kukatika katikati.

Katika hali hiyo mbolea ya dukani ni bahati nasibu. Mkulima anaweza kununua urea, akaiweka, na mvua isirudi kwa wiki tatu. Tena udongo wa tambarare una maeneo yenye magadi, na urea inayobaki juu ya udongo wa namna hiyo, juani, hugeuka gesi ya amonia na kupotelea hewani. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda kiasi kwamba Serikali ililazimika kurudisha ruzuku. Ruzuku inasaidia, lakini hailetei shamba mvua.

Wakati huohuo, juu ya kila ekari ya Hedaru kuna karibu tani 30,000 za naitrojeni, kwa kuwa gesi hiyo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Mahindi hayawezi kuigusa. Mtama hauwezi. Kunde zinaweza, kwa sababu haziko peke yao.

Wanaofanya kazi hiyo

Mwaka 1886, mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Berlin, Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kile ambacho yeye na mwenzake Hermann Wilfarth walikuwa wamekithibitisha: mimea jamii ya mikunde hupata naitrojeni kutoka hewani pale tu mizizi yake inapokuwa na vinundu, na vinundu hutokana na viumbe waliomo udongoni. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alifanikiwa kuwatenga na kuwaotesha viumbe hao. Ni bakteria, ambao leo tunawaita rizobia. Mwaka 1904 Mjerumani mwingine, Lorenz Hiltner, aliupa jina lake la kisayansi ule ukanda mwembamba wa udongo, wa milimita chache tu, unaouzunguka mzizi. Aligundua kwamba ukanda huo una maisha yake, tofauti kabisa na udongo ulio mbali nao kidogo.

Tofauti hiyo inatokana na sukari. Mmea hutengeneza sukari kwenye majani kwa nguvu ya jua, na sehemu yake huvujia udongoni kupitia mizizi. Bakteria hukusanyika hapo kwa wingi mara kumi na zaidi kuliko kwenye udongo mtupu. Wengi wanajilia tu. Wengine huyeyusha fosforasi iliyogandamana na chokaa, wengine huzuia ukungu unaooza mizizi. Rizobia wao huingia ndani kabisa. Mzizi wa kunde hutoa kemikali ya kuwaita, nao hujibu kwa kemikali yao. Unywele wa mzizi hujikunja, bakteria hupenya, na mmea hujenga kinundu kuwazunguka.

Ndani ya kinundu rizobia hutumia kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi kubadili naitrojeni ya hewa kuwa amonia, ambayo mmea huigeuza protini. Kimeng'enya hicho huharibiwa na oksijeni, ingawa bakteria wenyewe wanaihitaji ili wapumue. Mmea umetatua tatizo hilo kwa kutengeneza legihemoglobini, ndugu wa hemoglobini ya damu yetu, ambayo hushika oksijeni na kuitoa kidogokidogo. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani.

Kusoma vinundu

Usihukumu shamba kwa shina moja. Shina la kwanza ni la kujifunzia. Ukishajua unachokitafuta, tembea shambani kwa mkingamo, chimba mashina kama kumi, ya wastani, bila kuchagua yaliyonawiri wala yaliyodumaa. Wakati mzuri ni kuanzia maua ya kwanza hadi maganda machanga. Ukichelewa mpaka punje zimejaa, utakuta vinundu vimekuwa vya kijani au kahawia, laini, vinaoza. Hiyo si dalili ya ugonjwa, maana mmea umeacha kuvilisha na umeelekeza sukari yote kwenye punje.

Ukikuta vinundu vikubwa, vyekundu au vya waridi ndani, vimekusanyika karibu na shingo ya mzizi mkuu, kumi au zaidi kwa shina, bakteria wako wapo na wanafanya kazi. Usinunue chochote kwa ajili yao. Kazi yako ni kuwatunza, na maelezo yake yanafuata hapo chini.

Vinundu vikiwa vingi lakini vidogo, vimetawanyika kwenye mizizi ya pembeni na vyeupe ndani, tafsiri huwa mbili. Kama mimea bado michanga, ya wiki mbili au tatu, subiri, kwa kuwa vyote huanza vikiwa vyeupe. Kama imechanua, basi bakteria waliopo ni wavivu: wameingia, wanakula sukari, lakini kazi haifanyiki. Au wanataka kufanya kazi na wamekosa kitu, mara nyingi fosforasi, wakati mwingine madini ya molibdeni ambayo huadimika kwenye udongo wenye tindikali.

Usipokuta vinundu kabisa, jiulize kwanza mambo mawili. Je, shamba liliwekewa urea au samadi mbichi nyingi msimu huu? Mmea ukipata naitrojeni ya bure udongoni hauhangaiki kujenga vinundu, na kunde zilizowekewa urea zinaweza kuwa za kijani kibichi huku mizizi yake ikiwa mitupu. Na je, vinundu vimebaki ardhini? Anayeng'oa shina kwa mkono huacha nyuma vinundu vingi vilivyomeguka, kisha akasema havikuwepo.

Kuna uvimbe mwingine unaowapotosha watu wengi, hasa kwenye mashamba yanayomwagiliwa ambayo yamelimwa nyanya au bamia mfululizo. Minyoo fundo huingia kwenye mizizi na kuifanya ivimbe. Jaribu kuubandua uvimbe kwa kidole. Kinundu cha bakteria kimekaa pembeni ya mzizi na hubanduka kwa urahisi, mzizi ukabaki mzima. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki, na ukiupasua hukuti wekundu. Ukiukuta, tatizo lako si mbolea. Acha kupanda mazao yanayoshambuliwa hapo kwa misimu kadhaa, upande mahindi au mtama.

Nani anahitaji bakteria wa pakiti

Rizobia si wa aina moja, na kila zao lina wake linalopatana nao. Hapa ndipo wakulima wengi hupoteza fedha.

Kunde, choroko, mbaazi, karanga, njugu mawe na ngwara, ile ambayo Wakenya huiita njahi na kuinunua kwa wingi kutoka kaskazini mwa Tanzania, hupatana na bakteria wa asili ambao wameenea kwenye udongo wa Afrika. Mazao haya yamelimwa kwenye tambarare za Same kwa vizazi, na bakteria wake wapo. Kwa mkulima wa Hedaru anayepanda kunde au choroko kwenye shamba la siku zote, kununua bakteria ni kulipia kitu alicho nacho.

Soya ni kinyume chake. Ni zao la Asia, na aina nyingi za soya zinataka bakteria mahususi ambao hawapo kwenye shamba lisilowahi kulimwa soya. Dengu nazo zina bakteria wao wa pekee. Mkulima anayejaribu mojawapo ya mazao haya kwa mara ya kwanza hapaswi kupanda bila kuichanja mbegu, yaani kuipaka bakteria wa zao hilo.

Maharage yako katikati, nayo ndiyo yenye utata zaidi. Huko milimani, ambako maharage ni chakula cha kila siku, udongo una bakteria wengi wanaoingia kwenye mizizi yake, lakini wengi wao hukamata naitrojeni kidogo. Maharage mafupi yanayokomaa upesi hukamata kidogo zaidi kuliko yale ya kutambaa, kwa kuwa hayakai shambani vya kutosha. Hata hivyo, maharage hujibu yakitunzwa. Mwaka 2006 Patrick Ndakidemi, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa Mbunge wa Moshi Vijijini, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya maharage na soya kwenye mashamba ya wakulima kaskazini mwa Tanzania. Mbegu zilizochanjwa bakteria ziliongeza mavuno ya maharage kwa zaidi ya nusu, na mavuno ya soya kwa zaidi ya maradufu. Pale bakteria walipowekwa pamoja na fosforasi, kiasi cha kilo 26 kwa hekta, mavuno yalipanda zaidi tena. Utafiti huo ulifanyika kwenye mkoa wetu, si ng'ambo.

Si kila mmea wenye maganda unaofanya kazi hii. Mkwaju ni jamii ya mikunde, lakini hauna vinundu. Mjohoro vilevile. Anayeupanda mjohoro atapata kuni na kivuli, lakini asitarajie naitrojeni ya hewani. Mgunga na mlusina inavyo.

Ukinunua, nunua kitu kilicho hai

Bakteria wa kuchanjia mbegu si jambo geni Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kutengeneza wake kwa jina la Nitrosua. Chuo Kikuu cha Nairobi kilibuni Biofix, ambayo baadaye ilizalishwa na kampuni ya MEA ya Nakuru. Makerere nako wametengeneza ya kwao. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, uliwafikia pia wakulima wa Tanzania. Pamoja na hayo yote, bidhaa hii bado haipatikani kwenye kila duka la pembejeo, na pale inapopatikana mara nyingi imehifadhiwa kama vile ni chumvi.

Pakiti hiyo ina viumbe hai. Ikikaa kwenye rafu inayopigwa na jua, wamekufa. Ikisafirishwa kutoka Arusha kwenye buti la basi mchana kutwa, huenda wamekufa kabla ya kufika Same. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi. Hakikisha jina la zao lako limeandikwa, kwa maana bakteria wa soya hawana kazi kwenye maharage. Muulize mwuzaji alikuwa anaiweka wapi, na akionyesha dirishani, rudisha. Safiri nayo mkononi, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, na nyumbani iweke mahali penye baridi, pembeni ya mtungi wa maji kama huna friji. Usiigandishe.

Siku ya kupanda, subiri udongo uwe umelowa kweli. Kaa kivulini. Yeyusha sukari kidogo kwenye maji safi ili ipate kunata, lowesha mbegu kidogo tu, nyunyiza unga wa bakteria kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha geuzageuza kwa upole mpaka kila mbegu ipakwe. Acha zikauke dakika chache hapohapo kivulini. Panda asubuhi na mapema au jioni, na ufukie mara moja, sentimita tatu hadi tano. Mbegu zilizochanjwa zisilale mpaka kesho, na zisiachwe kwenye shimo wazi zikingoja mtu wa kufukia. Mbegu ambazo tayari zimepakwa dawa ya ukungu, hasa yenye shaba, huweza kuwaua bakteria. Kama huna namna ya kupata mbegu isiyo na dawa, ni afadhali usichanje.

Ziko pia chupa za vijidudu vinavyodaiwa kufaa kila zao, kuongeza mavuno, kufukuza wadudu na kurutubisha udongo kwa pamoja. Kuna sayansi ya kweli nyuma ya bakteria wa jamii ya basila na sudomonasi, lakini matokeo yao shambani hubadilika sana kutoka udongo mmoja hadi mwingine. Anayekuuzia aoneshe kibali cha kuiuza nchini, na aoneshe jaribio la karibu na kwenu. Akishindwa, weka fedha zako kwenye samadi.

Kuwatunza wale ulionao

Wakulima wengi wa tambarare hawana haja ya kuongeza bakteria. Wanahitaji kuwaondolea waliopo vikwazo, navyo ni vitatu: njaa ya fosforasi, ukavu, na udongo wenye tindikali au magadi.

Fosforasi ndiyo ya kwanza. Kukamata naitrojeni ni kazi inayomaliza nguvu, na nguvu hiyo ndani ya chembe hai hubebwa na fosforasi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa TSP, mbolea ya fosforasi, kwa ekari, ukiwekwa chini ya mstari wa mbegu na si kurushwa juu, ni kiasi kinachokaribiana sana na kile kilichotumika kwenye majaribio ya mwaka 2006. Huwezi mfuko? Weka nusu, kwenye nusu ya shamba, ukifuata mistari. Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ni fosfeti yetu wenyewe na bei yake huwa nafuu, ila unga wake wa asili huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwa hiyo unamfaa zaidi mkulima wa milimani kuliko wa tambarare. Kwenye udongo wa magadi wa bondeni utakaa miaka bila kuyeyuka.

Tofauti hiyo ya mlima na bonde inahusu majivu pia. Juu, ambako mvua nyingi zimeosha madini na kuacha tindikali, majivu ya jikoni yakitandazwa shambani hupunguza ukali na kuwasaidia rizobia. Bondeni, pale unapoona ukoko mweupe udongo ukikauka, usiweke majivu hata kidogo, maana unazidisha tatizo. Sehemu hizo hunufaika na samadi iliyooza, na pale kipimo cha udongo kinapothibitisha kuwa shida ni magadi, jasi husaidia. Jasi inachimbwa palepale Makanya, lakini nyingi huishia kwenye viwanda vya saruji. Ieleweke tu kwamba bila maji ya kutosha kusukuma magadi chini, jasi peke yake haifui dafu.

Ukavu ndio mgumu zaidi. Udongo mtupu wa Hedaru, mwezi wa Januari saa nane mchana, unaweza kuvuka nyuzijoto 40 juu juu, na katika joto hilo rizobia wengi hushindwa. Mmea ukikosa maji, vinundu hufunga kazi siku kadhaa kabla majani hayajaanza kunyauka, na ukavu ukizidi huenda visifunguke tena. Kila siku ya unyevu unayoiongeza ni siku ya naitrojeni.

Wapare walilielewa suala la maji mapema kuliko wengi. Ndiva zao, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya vijito usiku ili yafunguliwe kwenye mifereji asubuhi, zimewavutia watafiti kutoka mbali. Bonde la Makanya lilichunguzwa kwa miaka kadhaa na Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na vyuo vya nje. Kwenye vipande vya majaribio ambako maji ya mafuriko yalielekezwa shambani, mitaro ya fanya juu, ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu, ikachimbwa, na udongo ukachanwa badala ya kupinduliwa, mavuno ya mahindi yalifika hadi tani 4.8 kwa hekta, wakati wastani wa eneo ulikuwa chini ya tani 1. Walipima mahindi, si vinundu, lakini maji yaliyookolewa pale ni yaleyale ambayo rizobia wanayalilia.

Asiye na ndiva wala mfereji anaweza kuyazuia maji palepale yanapoanguka. Lima matuta kwa kukingama na mteremko, kisha uyafunge kwa vituta vidogo kila baada ya meta mbili au tatu, ili maji yasikimbie. Tandaza mabua. Mboji hufanya ndani ya udongo kazi ileile ambayo ndiva hufanya juu yake, hukusanya maji wakati yapo na kuyatoa polepole yanapohitajika.

Usiuze mbolea yako pamoja na gunia

Watu wengi wanaamini kwamba ukipanda kunde shambani, udongo umerutubika. Tufanye hesabu.

Kunde zilizostawi kwenye shamba la mkulima mdogo zinaweza kukamata kilo 20 hadi 50 za naitrojeni kwa hekta, yaani kilo 8 hadi 20 kwa ekari. Kiwango cha juu kinakaribia mfuko mzima wa urea, ambao una kilo 23. Sasa tazama upande wa pili. Punje za kunde zina protini karibu asilimia 24, hivyo gunia la kilo 100 hubeba karibu kilo 4 za naitrojeni. Magunia matatu yakitoka shambani, kilo 12 zimekwenda sokoni. Huko ndiko zinakotakiwa kwenda. Lakini kama mkulima aling'oa mashina yote na mizizi yake, akayapeleka nyumbani kupura, makapi yakaliwa na mbuzi au yakachomwa, hakuna kilichorudi. Kunde ziliikamata naitrojeni ya hewani, mwenye shamba akaihamisha yote, na pengine akaongezea ya udongo.

Kwa hiyo using'oe, kata. Tumia mundu au panga, usawa wa ardhi, mizizi na vinundu vibaki chini vioze. Ukishapura, rudisha maganda na mabua shambani. Kwa mwenye mbuzi na ng'ombe si rahisi kuacha malisho hayo, na hakuna haja ya kumlaumu. Alishe mifugo, kisha samadi irudi kwenye shamba lilelile, siyo kwenye migomba ya nyuma ya nyumba peke yake. Mifugo inayoingia mashambani baada ya mavuno ni suala la makubaliano ya kijiji, na inafaa lisemwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mavuno.

Imani nyingine ni kwamba kunde zilizochanganywa na mahindi huyapa mahindi mbolea papo hapo. Kidogo sana huvuja wakati mmea uko hai. Tena mahindi yakizitia kunde kivuli kizito, sukari hupungua na vinundu hudhoofika. Faida kubwa huja msimu unaofuata, majani na mizizi ikishaoza. Mpangilio unaofaa tambarare ni kupanda kunde au choroko wakati wa vuli, na mahindi au mtama kwenye kipande hichohicho wakati wa masika. Ngwara ina nafasi yake ya pekee. Ikipandwa ndani ya mahindi ya masika yaliyokwisha kusimama, huendelea kuishi kwa unyevu uliobaki baada ya mahindi kuvunwa, ikaukinga udongo na jua hadi katikati ya kiangazi, huku vinundu vyake vikiendelea na kazi.

Jaribu kwenye shamba lako

Ushauri wa jumla una mwisho, kwa sababu mashamba mawili ya Hedaru yaliyotenganishwa na korongo moja yanaweza kuwa na udongo usiofanana. Gawa kipande kidogo katika mistari minne mipana. Wa kwanza usiweke kitu. Wa pili weka samadi iliyooza. Wa tatu weka TSP. Wa nne weka vyote viwili. Kama unalima soya au maharage, ongeza mstari wenye mbegu zilizochanjwa, na uupande wa mwisho kabisa, usije ukabeba bakteria kwa mikono na jembe hadi kwenye mistari mingine. Andika alama ya kila mstari kwenye kijiti, usitegemee kumbukumbu. Maua yakitokea, chimba mashina matano kwa kila mstari, hesabu vinundu vyekundu, andika. Wakati wa mavuno pima kila mstari kivyake kwa debe lilelile.

Kwa kipimo cha udongo chenyewe, kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilichoko Muheza, ndicho kituo cha utafiti wa udongo kilicho karibu, upande wa kuelekea Tanga, na TARI Selian ya Arusha ina wataalamu wa maharage. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi za shamba, uchanganye kwenye ndoo safi, upeleke kilo moja. Fanya hivyo mwezi wa Agosti au Septemba, majibu yapate kurudi kabla ya vuli.

Na kwa maafisa ugani wa Hedaru, Mabilioni na Makanya kuna ombi moja. Vuli hii, kunde zikichanua, waiteni wakulima kwenye shamba moja, chukueni sepetu na ndoo, mchimbe mbele yao. Saa moja inatosha, na kila mmoja arudi kwake akachimbe shina lake.